Kisha siku 60: Insanity imeisha, sasa mwili unapanda nini?



Kuna programu moja ya spoti ya nyumbani ambayo inazunguka kati ya vijana wetu kwa flash na kwa kadi za simu: Insanity, ya Mmarekani Shaun T. Mtu anaipata Bukavu, anamupitishia mwenzake kwenye homu ya wanafunzi, na mwisho inafika mpaka ndani ya chumba kidogo huku kilimani. Wengi wanaianza. Wachache wanaifikisha mwisho. Na hao wachache wanauliza swali moja: "Nilisha maliza. Sasa nifanye nini?"

Leo nataka tuichambue programu hii kama tunavyochambua kitabu: inaahidi nini, inafanya nini vizuri, na inamuacha msomaji wake wapi. Hukumu yangu naitoa mapema, kusudi mtu asingoje mpaka mwisho: Insanity ni kazi nzuri yenye mwisho mubaya. Inajua kumutosha mtu jasho siku 60. Haimufundishi kuchagua cha kufanya siku inayofuata. Na kwetu huku, siku inayofuata ndiyo siku kubwa.

Tuanze na kazi yenyewe.

Insanity ilitoka Marekani mwaka 2009, chini ya kampuni Beachbody. Shaun T alisomea sayansi ya spoti, na mbele ya hapo alishajulikana kwa programu ya kucheza dansi, Hip Hop Abs. Inaitwa ya siku 60, lakini ukihesabu kalenda yake vizuri utakuta ni wiki 9: wiki 4 za mwezi wa kwanza, wiki moja nyepesi ya kupumzisha mwili, kisha wiki 4 za mwezi wa pili. Siku 6 za kazi kwa wiki, siku moja ya kupumzika. Mwezi wa kwanza mazoezi yanachukua karibu dakika 40. Mwezi wa pili yanakaribia saa nzima. Hakuna chuma, hakuna mashine. Ni kuruka, kukimbia papo hapo, pompi, na kushikilia mwili chini kwa mikono na ncha za miguu.

Nguvu yake ya kwanza ni hiyo ya kutoomba kitu. Kijana aliyemaliza masomo, hana kazi, anakaa kwa wazazi, hawezi kulipa sali ya spoti ya Bukavu, na huku Kalehe hata ukiwa na pesa utailipa wapi? Programu inayosema "leta mwili wako tu" inaheshimu mfuko wake. Kwa dada zetu iko na faida ingine ambayo wanaume wanaisahau: mlango unafungwa. Binti anayekimbia barabarani saa kumi na mbili asubuhi anakutana na maneno mengi. Ndani ya chumba chake hakuna anayemuhesabia pumzi.

Nguvu ya pili ni mtihani. Siku ya kwanza unafanya mazoezi 8, kila moja dakika moja, unahesabu na kuandika. Unarudia mtihani uleule katikati ya programu na siku ya mwisho. Mimi nikiwa agronomu, hapa ninavua kofia. Mtu asiyepima mavuno ya shamba lake anabaki kusema "mwaka huu imekuwa muzuri kidogo", na hajui kama ni mbegu, ni mvua ao ni bahati. Programu inayomufundisha kijana kuandika namba zake na kuzilinganisha imemupa kitu kikubwa kuliko misuli ya tumbo.

Nguvu ya tatu wengi hawaioni, kwa sababu wanaangalia mbio tu. Watu wanaofanya mazoezi nyuma ya Shaun T ni wenye mwili wa mazoezi kabisa, na bado wanasimama, wanainama, wanashika magoti, wanakunywa maji. Yeye mwenyewe anapumzika. Kwa picha inayouzwa kama ukali, somo hilo ni la ukweli: kuchoka ni sehemu ya kazi, na mtu anapumzika kusudi aendelee vizuri.

Sasa makosa.

La kwanza ni la lugha. Sisi tulisoma Kifaransa, nyumbani ni Kiswahili, Kihavu, Kitembo, Kinyarwanda. Shaun T anasema Kiingereza, haraka, huku anaruka. Kile anachosema mara nyingi ni namna ya kusimama: goti likae wapi, mgongo uwe namna gani, ushuke polepole. Kijana wetu anasikia muziki na kelele, hasikii masahihisho. Anachukua mwendo wa picha bila kuchukua maelezo yake, na matokeo ni mruko wa haraka wenye goti linaloanguka ndani. Kosa hilo nusu ni la programu, nusu ni la njia iliyofika nayo kwetu, lakini goti halitofautishi.

La pili ni la sakafu. Kule wanaruka ndani ya jumba la michezo, wamevaa viatu vya spoti. Huku tunaruka juu ya sima, ao udongo uliopigwa, tena na sandali ao miguu wazi. Kwa wiki 9 mwili unapokea mamia ya miruko kila siku. Tena mwezi wa pili hauongezi aina ya kazi, unaongeza kuruka zaidi na muda zaidi.

La tatu ni kubwa kwa swali letu: ndani ya Insanity yote, hakuna kuvuta. Kuna kusukuma, kuna kuruka, kuna kushikilia. Lakini hakuna zoezi moja ambalo mkono unavuta mzigo kuja kwa mwili, wala mwili kwenda kwa mti. Mgongo wa juu na mikono ya nyuma ya kazi vinabaki kama shamba ambalo halikupandwa. Linganisha na P90X ya Tony Horton, iliyotoka miaka michache mbele, kutoka kampuni ileile: siku 90, na tangu mwanzo inaomba mti wa kujivuta na uzito wa mikononi. Kwa hiyo hata wao wanajua.

La nne ndilo mwisho mubaya niliousema. Siku ya mtihani wa mwisho unaandika namba zako, unafurahi, na basi. Kalenda imeisha. Hakuna ukurasa unaokufundisha kusoma namba hizo: mahali gani umepanda, mahali gani umebaki, kitu gani mwili unaomba sasa. Kile kinachokungojea ni programu ingine ya kununua. Mwaka 2011 ilikuja Insanity: The Asylum, inayoomba kamba ya kuruka na ngazi ya kutandika chini. Mwaka 2013 ilikuja T25, ya dakika 25. Mwaka 2014 ikaja Max:30, ya dakika 30. Siwalaumu kwa kuuza, kila mtu anauza kitu. Lakini mwalimu anayemaliza darasa bila kumupa mwanafunzi njia ya kujisomesha mwenyewe amemufunga kwake.

Ndiyo maana kijana anamaliza Insanity akiwa na moyo wenye nguvu, na bado anakuwa kama mtu aliyepewa mbegu tayari na mradi: mradi ukiondoka, shamba linarudi porini.

Basi siku inayofuata tunafanya nini?

Kabla ya kuchagua kitu, kuna habari moja ya kutuliza roho. Wengi wanaogopa kwamba wakiacha siku 6 kwa wiki watapoteza yote. Ukiacha kabisa, ndiyo, uwezo wa mwili kutumia oksijeni unaanza kushuka ndani ya wiki chache tu. Nguvu ya misuli inakawia kidogo. Lakini kupunguza si kuacha. Mwaka 1981, Robert Hickson wa Chuo Kikuu cha Illinois pale Chicago alitoa matokeo ya jaribio ambalo linafanana sana na hali yetu. Watu walifanya baiskeli na kukimbia kwa nguvu dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 10. Kisha akawapunguzia: kundi moja siku 4 kwa wiki, kundi lingine siku 2 tu, kwa muda wa wiki 15. Uwezo walioupata ulibaki. Katika majaribio yaliyofuata, yeye na wenzake walikuta kwamba ukipunguza ukali wenyewe, uwezo unashuka. Fundisho: siku zinaweza kupungua, dakika pia, lakini ule moto wa zoezi usipungue.

Angalia hesabu hiyo: dakika 40, siku 6. Ni kama mwezi wa kwanza wa Insanity. Maana yake, pumzi uliyoitafuta kwa wiki 9 unaweza kuilinda kwa zoezi moja kali mara mbili kwa wiki. Siku zingine 4 zinakuwa huru. Hapo ndipo uchaguzi unaanza.

Na kuchagua, sisi wa agronomia tuko na sheria nzuri kwa hilo. Carl Sprengel aliieleza mwanzoni mwa karne ya 19, na Justus von Liebig akaieneza: mavuno yanaamuliwa na chakula cha mmea kilicho kichache kuliko vyote. Kwenye udongo wenye tindikali, ambamo fosforo inafungwa, unaweza kumwaga azoti mpaka uchoke, maharagi yatabaki palepale. Mwili uliomaliza Insanity umeshajaa azoti, yaani kuruka na kuhema. Ukiuliza "nifanye nini sasa?", uliza kwanza: ni nini kilicho kichache? Kwa watu wengi jibu ni vitu vitatu: kuvuta, kubeba uzito unaoongezeka, na mwendo mrefu wa polepole. Kwa wengine kichache ni usingizi ao chakula, nitafika hapo.

Kwa kipimo hicho, tuangalie machaguo yanayosemwa kati yetu.

Kurudia Insanity tangu siku ya kwanza. Ni chaguo la wengi, kwa sababu iko tayari ndani ya simu. Ni kupanda mahindi juu ya mahindi. Mara ya pili mwili umeshazoea, faida inakuwa ndogo, lakini mzigo juu ya magoti unabaki uleule. Ichukue vipande, usiichukue nzima.

Kuchukua video ingine ya nyumba ileile. T25 iko na jambo zuri: muda mfupi. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni saa, sawa. Lakini kwa kichache tulichosema, haibadilishi sana shamba. Na mega za kupakua, ao moto wa kuchaji simu, ni gharama. Hapa kwetu mtu anachaji kwa pano ya jirani. Programu yoyote inayoomba picha kila siku inaomba pia betri kila siku.

P90X. Kwa mantiki ni rafiki mzuri wa kufuata Insanity, kwa sababu inaleta kile kilichokosekana. Tena mpango wake una hekima: wiki 3 za kazi, kisha wiki moja nyepesi, unarudia. Lakini inaomba vyuma, na mara nyingi saa moja na zaidi kila siku. Ushauri wangu: chukua wazo, acha video.

Futing. Ni rahisi, ni bure, na tuko kwenye kimo cha karibu mita 1.460 juu ya bahari pale ziwani, milima inapanda zaidi. Mapafu yatafanya kazi. Lakini barabara yetu ni RN2, pamoja na malori, vumbi na pikipiki. Na tuseme wazi: tangu vita ya 2025 ilipofika Minova mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, mtu anayekimbia peke yake alfajiri kabla jua halijatoka anaweza kuulizwa anakimbia nini. Futing ya Kalehe ifanyike mchana, mahali panapojulikana, watu wawili ao watatu pamoja. Kama mahali pako haiwezekani, tembea mlima. Kupanda mlima kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea kunaleta ule mwendo mrefu wa polepole, bila kupiga magoti kama kuruka.

Shamba. Hapa ninataka tusimame, kwa sababu wasomi wengi wanacheka. OMS, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, inaomba mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 za kazi ya mwili ya kadiri kwa wiki, ao dakika 75 mpaka 150 za kazi kali, pamoja na mazoezi ya kukaza misuli siku 2 ao zaidi. Na inasema wazi kwamba kazi, safari ya miguu na kazi za nyumba zinahesabiwa. Maana yake mama anayepanda kutoka ziwani na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, amepita kipimo hicho zamani, bila programu, na mara nyingi bila kupumzika. Kabla ya kijana kujiita mwenye nguvu kwa sababu alimaliza Insanity, abebe kwanza mzigo wa mama yake mpaka sokoni. Hilo pia ni mtihani, na tena unasaidia.

Lakini shamba peke yake halitoshi kama programu, kwa sababu jembe linarudia mwendo mmoja na mgongo unabaki umeinama. Tunalihesabu kama kazi, kisha tunatafuta kinacholikamilisha.

Kinachobaki ndicho ninachokipendekeza: bidoni.

Bidoni ya njano ya lita 20, ikijaa maji, ni kilo 20 pamoja na uzito mdogo wa plastiki. Nusu ni kilo 10. Kila lita unayoongeza ni kilo moja. Angalia vizuri, hiyo ni mashine ya kisasa: uzito unaoweza kuupandisha kilo kwa kilo, kwa kikombe. Wakati wa vita kuu ya pili, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwarudishia waliojeruhiwa nguvu za misuli kwa njia hiyo ya kupandisha uzito polepole, na mwaka 1945 aliiandika. Tangu hapo mazoezi ya nguvu dunia nzima yanasimama juu ya wazo hilo. Insanity haina njia ya kuongeza uzito: inaongeza mbio tu. Bidoni inayo. Ni vile tu tumeizoea sana hata hatuioni.

Kwa kujivuta, funga mti wa eukaliptusi uliokauka, unene wa mkono, juu ya nguzo mbili zilizozikwa vizuri. Usitumie tawi la avoka. Mti huo unavunjika bila kutoa habari.

Sasa mpango. Ni wa wiki 12, na unaweza kuugeuza kufuatana na mahali pako.

Siku ya kwanza na siku ya nne: nguvu, dakika 35 hivi. Mazoezi matano. Kuchuchumaa huku umekumbatia bidoni kifuani. Kuinama mgongo ukiwa umenyooka na kuvuta bidoni mpaka tumboni. Pompi. Kujivuta kwenye mti, na kama bado huwezi, ruka ushike juu kisha ujishushe polepole. Mwisho, kubeba bidoni mbili, moja kila mkono, hatua 40 kwenda na 40 kurudi. Yale manne ya kwanza, mara 8 mpaka 12, duru tatu. Siku utakayofikisha 12 katika duru zote za zoezi la bidoni, ongeza lita moja. Usiongeze mbele ya hapo.

Siku ya pili na siku ya tano: pumzi. Chukua zoezi moja la mwezi wa kwanza wa Insanity, lile unalolijua bila kuangalia simu, ulifanye kwa moto wote, dakika 20 mpaka 30. Mwenye magoti yanayouma abadilishe kuruka na kupanda kilima kifupi haraka, ashuke polepole, arudie.

Siku ya posho: mlima, saa moja na nusu, mwendo wa kuongea. Siku ya tatu na siku ya yenga: pumzika. Kila wiki ya nne, punguza yote nusu.

Kwa mtihani, ongeza namba tatu juu ya zile 8 za Insanity: unajivuta mara ngapi, unabeba lita ngapi kwa hatua 80, na unatumia dakika ngapi kwa njia moja ya mlima unayoijua. Andika mwanzoni, katikati na mwisho.

Jambo moja zaidi, na kwangu ndilo la maana kupita mengine: kalenda. Insanity inafikiri kila wiki inafanana na ingine, kwa sababu iliandikiwa mtu anayekaa ofisini. Kwetu wiki hazifanani. Mwezi wa tisa, tunapotayarisha na kupanda msimu A, mtu anayelima asubuhi hawezi kuruka jioni siku 6. Akilazimisha, ama ataacha spoti, ama ataugua. Wakati huo ashike siku 2 tu za zoezi kali, ile hesabu ya Hickson, na aachie mengine. Kisha palizi, maharagi yanapojitegemea, apandishe. Mavuno yakifika, ashushe. Mwezi wa pili, msimu B, inarudi vilevile. Kisha kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, ndicho kipindi kizuri cha kutafuta nguvu mpya. Vijana wengi wanaosema "nilishindwa spoti" hawakushindwa kitu. Walifuata kalenda ambayo haikuwa ya kwao.

Kuhusu chakula nitasema kidogo. Kazi ya nguvu inaomba protini, na mtu asidanganywe kwamba inapatikana ndani ya makopo ya poda tu. Maharagi makavu yana karibu gramu 20 za protini kwa gramu 100. Sambaza wa Ziwa Kivu, samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, analiwa mzima, na mifupa yake inatupa kalsiamu. Bugali, maharagi, sambaza na lengalenga ni sahani ya mwanaspoti. Lakini kama nyumbani mnakula mara moja kwa siku, na kwa wengi wetu iko hivyo kwa sasa, usifanye programu ya siku 6. Siku 2 za bidoni na kutembea vinatosha. Kuruka saa nzima juu ya njaa ni kuvuna bila mbolea, udongo utakwisha. Na mtu aliyetoka malaria ao tifoidi mwezi huu asirudi moja kwa moja kwenye kuruka. Kifua kikiuma, kizunguzungu kikija, goti likivimba, acha, nenda kituo cha afya.

Nikirudi kwenye hukumu: Insanity ni mlango mzuri. Inampa kijana pumzi, nidhamu na tabia ya kupima. Nitaendelea kuipendekeza kwa mtu ambaye hajaanza, mwenye magoti mazima na tumbo lililokula. Lakini inauza mwili wa kuonyesha, picha ya mbele na picha ya nyuma, na inamuacha mtu mbele ya kioo siku ya mwisho.

Sisi wa Kalehe swali la mwili si la kioo. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, maji na udongo viliposhuka Bushushu na Nyamukubi na watu zaidi ya 400 wakafa, waliotafuta ndugu zao kwenye matope walitumia majembe na mikono. Mwaka 2025 familia nyingi zilitembea siku nzima, mtoto mgongoni, godoro kichwani. Siku kama hizo hakuna anayekuuliza unaruka mara ngapi kwa dakika. Wanakuuliza kama unaweza kubeba, kuvuta, na kuendelea kutembea. Na siku za amani, ambazo tunaziomba ziwe nyingi, mwili huohuo ndio unaolima, unaopanda mlima kwenda kufundisha, unaoshika roho isivunjike wakati ombi la kazi la ishirini halina jibu.

Kwa hiyo wewe uliyemaliza wiki hii, kwanza pongezi, maana si wengi wanafika. Pumzika wiki moja kabisa. Kisha mbele ya kutafuta flash ingine, chukua karatasi na uandike mistari mitatu: mwili wangu unaweza nini sasa, unakosa nini, na miezi mitatu ijayo shamba, masomo na nyumba vitaniomba nini. Ukishaiandika mistari hiyo, programu umeshaanza kuiandika mwenyewe. Bidoni iko jikoni, muombe mama ruhusa, na umurudishie ikiwa imejaa maji.

Tuko pamoja.